Askofu Aliyejiuzulu: Samuel Schereschewsky wa Shanghai

Tarehe 14 Oktoba, siku ambayo sisi Watanzania tunamkumbuka Mwalimu Nyerere, kalenda ya Kanisa la Kiepiskopali la Marekani humkumbuka mtu mwingine kabisa: Samuel Isaac Joseph Schereschewsky, Askofu wa Shanghai. Alifariki tarehe 15 Oktoba 1906, lakini siku hiyo ilikwisha kuchukuliwa zamani na Mtakatifu Teresa wa Avila, na ndiyo maana yeye amesogezwa nyuma siku moja. Kukutana huku kwa tarehe ni bahati tu, wala sitaki kukijengea hoja kubwa. Hata hivyo msomaji wa Kiswahili hawezi kukipita bila kutabasamu, kwa kuwa Mwalimu naye, baada ya kung'atuka, aliketi akazigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi. Wapo watu ambao madaraka huwakuta wakiwa na kazi nyingine mkononi, na wakiisha kuyaachia madaraka hurudi kwenye kazi ile kana kwamba waliondoka jana.

Kwa wasiolifahamu, Kanisa la Kiepiskopali ndilo tawi la Marekani la ushirika wetu wa Anglikana. Marekani ilipojitenga na Uingereza, Waanglikana wa huko hawakuweza tena kupata askofu kwa kumwapia mfalme utii, wakamtuma Samuel Seabury kwa maaskofu wa Scotland, nao wakamweka wakfu mwaka 1784. Katika karne ya 19 kanisa hilo lilianza kutuma maaskofu wamisionari nje ya nchi, na hao hawakuchaguliwa na sinodi za watu wao bali na Nyumba ya Maaskofu huko nyumbani. Schereschewsky alichaguliwa kwa njia hiyo, akakataa, akachaguliwa tena, akakubali, akakikalia kiti kwa miaka sita tu kisha akajiuzulu kwa sababu ya kupooza. Kinachosimuliwa zaidi juu yake ni kilichofuata: mgonjwa aliyepiga chapa Biblia nzima ya Kichina kwa kidole kimoja. Ni simulizi tamu, na ni ya kweli, lakini naona inampunja. Inamfanya aonekane kama mtu aliyezaliwa na ugonjwa wake, wakati sehemu kubwa ya kazi yake alikwisha kuifanya akiwa mzima, na wakati yeye mwenyewe, kabla ya kuugua, alikwisha kuwaambia wakubwa wake kwamba wanampa kazi isiyomfaa.

Alizaliwa tarehe 6 Mei 1831 katika mji wa Tauroggen, Lithuania, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Wazazi wake, Wayahudi, walifariki akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na kaka yake wa mama mwingine, na njia aliyowekewa ilikuwa ya kuwa rabi. Alisoma katika shule ya marabi ya Zhitomir, na ili aishi alifundisha Kiebrania na kufanya kazi ya fundi vioo. Huko ndiko alikopata nakala ya Agano Jipya iliyotafsiriwa kwa Kiebrania na kusambazwa na chama kimoja cha London kilichofanya kazi kati ya Wayahudi. Aliisoma kama mwanafunzi wa marabi anavyosoma, yaani kwa kulinganisha kila dai na Torati na Manabii, na akaondoka akiamini kwamba Yesu ndiye Masihi. Hakubatizwa hapo hapo. Alikwenda kwanza Ujerumani, akasoma Breslau, na mwaka 1854 akavuka bahari hadi New York. Mwaka uliofuata, wakati wa Pasaka ya Kiyahudi alipokuwa na wenzake waliokwisha kuikubali imani hiyo, alisimama akakiri, akabatizwa.

Safari yake ya kutafuta kanisa la kukaa haikuwa fupi. Alibatizwa na Wabaptisti, akasoma kwenye chuo cha Wapresbiteri karibu na Pittsburgh, na mwishowe akajiunga na Waepiskopali, akamalizia masomo katika General Theological Seminary ya New York. Wapo watakaoliona hilo kama kuyumba. Mimi naona ni jambo la kawaida kwa mtu ambaye hakurithi dhehebu lolote kutoka kwa bibi yake, na ambaye kila mlango aliougonga aliuingia na Biblia ya Kiebrania aliyoijua kuliko wenyeji wa nyumba.

Wakati huo Askofu William Boone, wa kwanza kutumwa na kanisa hilo China, alikuwa Marekani akitafuta watu wa kwenda naye. Schereschewsky alijitolea, akapewa ushemasi na Boone mwezi Julai 1859, na siku chache baadaye wakapanda meli. Walifika Shanghai mwezi Desemba. Miezi mitano majini aliitumia kujifunza Kichina.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya sifa hulipita haraka. China aliyoiingia Schereschewsky ilikuwa imefunguliwa kwa mizinga. Mikataba ya mwaka 1858, iliyowapa wageni haki ya kusafiri na kuhubiri bara, ilitiwa saini baada ya kushindwa vitani, na mwezi Oktoba 1860, mwezi ule ule Boone alipompa ukasisi mjini Shanghai, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliiteketeza Kasri ya Kiangazi ya mfalme karibu na Beijing. Kasisi kijana hakuyapanga hayo, lakini aliishi kwa nafasi iliyopatikana kwa hayo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hali hii vizuri, nasi tumejifunza kuwashukuru baadhi ya wamisionari bila kuusahau mtutu uliokuwa nyuma yao.

Mwaka 1862 alihamia Beijing, akaishi huko kwa takriban miaka 13, na hiyo ndiyo miaka ninayoiona kuwa kiini cha maisha yake. Aliingia katika kamati ndogo ya wamisionari wa madhehebu mbalimbali, akina John Burdon, Joseph Edkins, Henry Blodget na W. A. P. Martin, waliokuwa wakitafsiri Agano Jipya kwa Kimandarini, yaani lugha ya kuzungumzwa ya kaskazini na ya maofisa wa serikali, si lugha ya maandishi ya wasomi. Pamoja na Burdon alitafsiri pia Kitabu cha Sala. Agano la Kale wenzake walimwachia peke yake. Hawakufanya hivyo kwa uvivu. Walitambua kwamba kati yao ni yeye tu aliyekisoma Kiebrania tangu utotoni kama lugha ya nyumba ya ibada, pamoja na ufafanuzi wa marabi unaoambatana nayo, wakati wao walikuwa wamekisoma chuoni pamoja na kamusi.

Tafsiri hiyo ya Agano la Kale ilichapishwa na Chama cha Biblia cha Marekani katikati ya miaka ya 1870. Kwa mara ya kwanza mtu wa kaskazini mwa China asiye msomi aliweza kusomewa Zaburi au kitabu cha Ayubu akaelewa pale pale, kwa lugha iliyofanana na anayozungumza sokoni, na lugha hiyo ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye Kiebrania bila kupitia Kiingereza. Ninapowaza jambo hili humkumbuka Edward Steere wa Unguja, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, ambaye katika miaka hiyo hiyo alikuwa akitafsiri na kuchapa kwa Kiswahili huku akisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Sina habari kwamba wawili hao waliwahi kuandikiana. Lakini Waanglikana wa pande zetu, ambao tumelelewa na Kitabu cha Sala kilichoanzia kwenye meza ya Steere, tuna sababu ya kuelewa ni askofu wa namna gani huyu aliyekuwa Beijing.

Katika miaka hiyo alifanya pia safari moja ambayo wengi hawaitaji. Mjini Kaifeng, mkoani Henan, kulikuwa na jamii ndogo ya Wayahudi waliokaa China kwa karne nyingi, na kufikia wakati huo sinagogi lao lilikuwa limekwisha kubomoka na hakuna aliyeweza kusoma Torati zao. Schereschewsky alikwenda huko mwaka 1867. Alikaa wiki chache tu, kisha umati wenye hasira ukamfukuza mjini. Nimejaribu kuiwaza picha hiyo: mtu aliyeacha njia ya urabi, aliyevuka Ulaya, Atlantiki na Asia, yuko katikati ya China akiwatafuta ndugu wa damu waliopotewa na lugha ya baba zao, na yeye ndiye mtu pekee mkoani anayeweza kuwasomea. Alikwenda kama mmisionari, bila shaka, na nia yake ilikuwa kuwaambia habari za Masihi. Siamini kwamba hiyo ndiyo nia yote.

Mwaka 1868 alimwoa Susan Mary Waring, mwalimu kutoka Brooklyn aliyekuwa amefika Shanghai muda mfupi kabla. Jina hili nitalirudia baadaye, kwa sababu bila yeye hakuna la kusimulia.

Alirudi Marekani mwaka 1875 kwa likizo, na huko ndiko uaskofu ulikomkuta. Nyumba ya Maaskofu ilimchagua mwaka huo huo kuongoza kazi ya China. Alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba anafaa kwa kutafsiri, hafai kwa kutawala. Mwaka 1876 wakamchagua tena, na safari hii aliridhia. Kwa sisi tuliokwisha kuona uchaguzi wa askofu katika dayosisi zetu, jinsi majina yanavyotembea usiku na jinsi koo zinavyohesabiana, habari za mtu aliyekataa mara ya kwanza husikika kama hadithi. Nakiri kwamba kukataa nako kunaweza kuwa desturi ya adabu, kama anavyokataa mgeni sahani ya kwanza. Lakini kwake haikuwa adabu. Alikuwa na hati za kazi alizotaka kuzirudia, na alijua kwamba fimbo ya askofu ingemzuia.

Aliwekwa wakfu tarehe 31 Oktoba 1877 katika Grace Church, New York. Kabla ya kurudi China alizunguka makanisa ya Marekani akichangisha fedha, na fedha hizo hazikuwa za kanisa kuu wala za nyumba ya askofu. Zilikuwa za chuo. Aliamini kwamba China itahubiriwa na Wachina, na kwamba Wachina hao wanapaswa kupata elimu isiyopungua ile ya Mmarekani yeyote, wakijua maandiko yao ya kale na pia sayansi na hisabati. Alinunua uwanja nje ya Shanghai, mahali mto Soochow unapojikunja, jiwe la msingi likawekwa wakati wa Pasaka ya mwaka 1879, na mwezi Septemba mwaka huo chuo cha St. John's kikafunguliwa kwa wanafunzi 39. Mwaka 1881 shule ya wasichana, St. Mary's Hall, ikaanza kando yake.

Chuo hicho baadaye kilikuwa chuo kikuu, na orodha ya waliopita pale ni ya kushangaza: Wellington Koo, mwanadiplomasia aliyeisemea China kwenye mkutano wa Versailles mwaka 1919; T. V. Soong, waziri wa fedha. Lin Yutang, mwandishi. Kwa hiyo, ninaposema kwamba Schereschewsky hakuumbwa kuwa askofu, ninajua jibu litakaloletwa: mbona alipokuwa askofu alianzisha jambo kubwa namna hii? Ni jibu zuri na sina njia ya kulikwepa kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba hata alipokuwa kwenye kiti alitawala kama mwalimu. Sera yake ya kwanza ilikuwa darasa, na alitaka vitabu viandikwe na kutafsiriwa humo. Askofu wa aina nyingine angeanza kwa kuhesabu vituo na makasisi.

Katika kiangazi cha mwaka 1881 alikuwa Wuchang, mji ulio kando ya mto Yangtze, ambako joto la Agosti husifika kwa ukali hata miongoni mwa Wachina. Aliugua ghafla. Alipopata nafuu ya kuishi, mikono na miguu ilikuwa imepooza kwa sehemu kubwa, na hata kusema kulikuwa kwa shida. Alikuwa na umri wa miaka 50. Walimpeleka Geneva, Uswisi, kwa matibabu, lakini nguvu hazikurudi. Mwaka 1883 akajiuzulu.

Kujiuzulu kwa askofu halikuwa jambo jepesi, na hata leo si jepesi. Kwa imani yetu daraja ya uaskofu haifutiki. Aliyewekewa mikono hubaki askofu hata akiwa hana dayosisi. Lakini kanisa kwa kawaida halijui la kufanya na askofu asiye na kiti. Humpa kiti cha mbele kwenye sherehe, humwomba atoe baraka mwishoni mwa ibada, na baada ya hapo humsahau. Yeye naye angeweza kukaa hivyo kwa heshima, kwanza Uswisi, kisha Marekani alikorudi mwaka 1886, na asingelaumiwa na yeyote.

Badala yake alianza tena kutafsiri, na safari hii kwa wenli iliyorahisishwa. Wenli ilikuwa lugha ya maandishi ya kale, ambayo msomi wa Canton na msomi wa Beijing waliweza kuisoma sawasawa ingawa wakizungumza hawasikilizani. Alitaka Biblia ambayo mtu yeyote aliyesoma, popote katika himaya, angeweza kuifungua. Vilevile alitaka kulirekebisha Agano lake la Kale la Kimandarini. Tatizo lilikuwa mkono. Kichina huandikwa kwa brashi, na brashi hudai kiganja na kifundo kinachotii. Chake hakikutii tena.

Akatumia taipureta. Aliketi na maandiko ya Kiebrania mbele yake, akayatafsiri kichwani kwa Kichina, kisha akapiga chapa matamshi ya kila neno kwa herufi za Kirumi, kwa kidole cha kati cha mkono ambao nao ulikuwa umeathirika. Kalenda ya kanisa lake hutaja kidole hicho kimoja na kurasa zipatazo 2,000; waliozipokea Biblia zile waliziita Biblia ya Vidole Viwili. Katika ujana wangu nilikuwa karani wa parokia, nikipiga chapa kumbukumbu za vikao kwenye taipureta nzito ya chuma, na naweza kumweleza kijana wa leo kwamba mashine hizo hazikuguswa, zilipigwa. Kila herufi ilitaka pigo lenye uzito, la sivyo hutokea kivuli kwenye karatasi. Ukikosea hakuna kufuta. Ni kuanza upya au kupiga msalaba juu ya kosa. Jioni ncha za vidole vyangu kumi, vyote vizima, zilikuwa zikiuma.

Na kupiga chapa ilikuwa nusu tu ya kazi. Kichina kina maneno mengi sana yanayotamkwa kwa namna moja na kutofautiana katika alama tu, na kwa wenli shida hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa wenli iliandikwa isomwe kwa macho na si isikilizwe. Karatasi zake zenye herufi za Kirumi, peke yake, zingekuwa fumbo hata kwa Mchina msomi. Ilibidi mwandishi wa Kichina aketi naye, mstari kwa mstari, amwulize alama ipi anaikusudia, na kuiandika kwa brashi. Kwa sababu hiyo mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 64 na hawezi kutembea, alirudi Shanghai. Hakurudi kama askofu. Alirudi kutafuta makarani. Miaka miwili baadaye alihamia Tokyo, kwa kuwa uchapaji ulikuwa ukifanyika Japani, na huko akaendelea na kazi siku baada ya siku, akiwa na makarani wake mezani.

Hao makarani hawapewi nafasi ya kutosha katika simulizi hii, na mimi pia nashindwa kuwapa zaidi ya aya hii. Hakuna tafsiri ya Biblia ya karne ile, iwe ya Shanghai au ya Unguja, iliyofanywa na Mzungu mmoja chumbani kwake. Palikuwa na mwenyeji aliyesema, "Hapana, hivyo hatusemi." Jina la askofu likachapishwa kwenye jalada, lake likabaki kwenye daftari la mishahara.

Na Susan. Kuanzia Agosti 1881 hadi Oktoba 1906 ni miaka 25. Katika miaka hiyo kuna kulishwa, kuvishwa, kuhamishwa kutoka kitandani hadi kitini, kuwekewa karatasi na kutolewa karatasi. Kuna kuhama kutoka China hadi Uswisi, Uswisi hadi Marekani, Marekani hadi China tena, China hadi Japani, na wakati huo kuna watoto wawili wa kulea na kusomesha. Kalenda haina siku yake. Kila anayeimba sifa za kidole kile angepaswa kujiuliza nani aliyemkalisha mwenye kidole mbele ya mashine kila asubuhi.

Biblia ya wenli iliyorahisishwa ilitoka mwaka 1902. Agano la Kale la Kimandarini lililorekebishwa lilikuwa limetoka mwaka 1899. Katika miaka hiyo ya mwisho alisema neno ambalo sasa hunukuliwa karibu kila anapotajwa: kwamba alikuwa ameketi katika kiti kile kwa zaidi ya miaka 20, kwamba mwanzoni ilionekana kuwa vigumu sana, lakini Mungu alijua zaidi, akamhifadhi kwa ajili ya kazi aliyoifaa kuliko nyingine. Wahubiri hulitumia neno hili kama faraja kwa wagonjwa, na sina ugomvi nao. Ila nikiliweka kando ya alichowaambia maaskofu mwaka 1875, nasikia pia mtu anayethibitisha hoja yake ya zamani. Alikwisha kuwaambia kazi inayomfaa ni ipi. Wao hawakumsikiliza, wakampa kiti cha uaskofu. Kiti kilichomrudisha kwenye kazi yake kilikuwa kingine.

Sisemi kwamba ugonjwa ulikuwa baraka. Hilo aliweza kulisema yeye tu, aliyeuvaa. Nasema kwamba tunapoupa ugonjwa sifa zote tunakosea hesabu, na historia iliyofuata inaonyesha hivyo kwa namna ya ukatili kidogo. Biblia aliyoitoa jasho zaidi, ile ya wenli, ndiyo iliyodumu kidogo zaidi. Miaka michache tu baada ya kifo chake wasomi vijana wa China waliikataa lugha ya kale kwa pamoja. Vuguvugu la mwaka 1919 lilidai kwamba magazeti, shule na fasihi vitumie lugha ya kuzungumzwa, na ndani ya muda mfupi wenli ikawa lugha ya makumbusho. Kurasa 2,000 zile zikakosa msomaji. Chuo nacho kilivunjwa na serikali mpya mwaka 1952. Majengo yake leo yako chini ya chuo kikuu cha siasa na sheria.

Kilichoendelea kuishi ni mkondo wa Beijing, wa mtu mzima wa miaka 30 na 40, aliyeona mapema, zaidi ya nusu karne kabla ya vuguvugu hilo, kwamba lugha ya sokoni inaweza kubeba Isaya. Kamati iliyoundwa mwaka 1890 kutayarisha Biblia moja ya Kimandarini kwa madhehebu yote ya Kiprotestanti ilikuta Agano lake la Kale likiwa limetangulia, likisomwa makanisani kwa miaka 15, na ilifanya kazi ikiwa na tafsiri hiyo mezani. Kamati hiyo ilichukua karibu miaka 30, wajumbe wakifa na wengine wakiwekwa mahali pao, hadi Biblia ya Muungano ilipotoka mwaka 1919, na hiyo ndiyo ambayo Waprotestanti wengi wa China wanaishika mkononi hadi leo. Schereschewsky alikuwa ameyamaliza yale Maandiko ya Kiebrania, kuanzia Mwanzo hadi Malaki, ndani ya miaka yake 13 ya Beijing, pamoja na sehemu yake ya Agano Jipya, Kitabu cha Sala na safari ya Kaifeng, akiwa kasisi wa kawaida asiye na mtu wa kusimamiwa naye.